Nyongo ya Mama Futi

Mama yangu ameshika viuno vya nusu ya mji huu, na msinielewe vibaya, alikuwa fundi cherehani. Kabla macho hayajamchoka alikuwa na chumba chake cha kushonea nyuma ya duka la vyuma, na humo waliingia mabibi harusi, mabwana harusi, walimu wakuu na mapolisi, wote wakanyoosha mikono juu huku yeye akiwazunguka na futi yake. Hakuwa na haya na mwili wa mtu. "Toa pumzi, bwana, hilo tumbo unalolibana hapa litafumuka siku ya harusi mbele ya wakwe." Watu wanacheka, yeye anaandika namba kwa chaki juu ya meza. Mtaa mzima ukamwita Mama Futi, na mwenyewe jina akalipenda.

Sasa mwili wake yeye? Thubutu! Mimi bintiye wa kumzaa sijawahi kumwona akibadilisha nguo. Akioga anafunga mlango kwa komeo na kiti, na akitoka ameshavaa mpaka mtandio. Akiumwa kidogo anasema amechoka. Akiumwa sana anasema amechoka pia, ila kwa sauti ya chini. Nesi wa kiume akimfunga kile kitambaa cha kupima presha, yeye anaangalia dirishani mpaka amalize, kama mtu anayeibiwa na hataki kumjua mwizi. Magauni yake alijishonea mwenyewe, mapana, yenye marinda mengi kifuani, ungeweza kumficha mbuzi ndani yake na majirani wasijue.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemleta aishi nyumba moja na mume wangu.

Mume wangu ni fundi kufuli. Ana kibanda karibu na stendi, anachonga funguo na kufungulia watu milango iliyojifunga. Watu wanamwita Samahani, kwa sababu neno hilo linamtoka hata akigonga kiti. Ni mtu mwema, sitamsema vingine, lakini wema wake unaweza kukupandisha presha. Tangu mama ahamie kwetu alianza kubisha hodi jikoni kwake mwenyewe. Mama akiwa sebuleni, yeye anazungukia nyuma. Mama naye, akisikia kikohozi cha mkwe, anavuta mtandio na kuingia chumbani. Walikuwa wanaheshimiana mpaka nyumba ikawa haina pa kukaa. Mimi nilikuwa nawacheka. Nilidhani ni jambo la kuchekesha tu.

Ikaja kazi ya kusahihisha mitihani. Mimi ni mwalimu, na tukiitwa kusahihisha tunafungiwa bwenini, simu zinakusanywa mlangoni, hakuna kutoka mpaka kazi iishe. Nilimuuliza mama kama nikatae. "Nenda huko," akanijibu, "mimi ni mtoto mchanga? Nitaachiwa chupa ya maziwa?" Nilimtazama, nikaona amekonda shingo. Nikamwambia ale vizuri. Nikaenda.

Haya yaliyofuata sikuyaona. Nimeyapata kwa mume wangu, tena kwa kumkamua, maana kila sentensi aliimeza mara mbili kabla hajaitoa.

Maji yalikatika mtaani. Wakawa wanamwagia choo kwa ndoo. Mama alikuwa ameishiwa nguvu, ndoo iliyojaa hawezi kuinyanyua, anamwaga anachoweza. Asubuhi moja mume wangu akaingia chooni baada yake, akakuta ambacho mkwe hapaswi kukikuta. Na kilichomshtua hasa ni rangi. Choo kilikuwa cheupe, cha rangi ya majivu, na mkojo ule uliobaki ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno.

Alifanya nini? Akamwaga maji, akasugua, akanyamaza. Halafu akaenda dukani, akanunua jagi dogo la plastiki lenye mshikio, akaliweka kando ya ndoo ili mama apate chombo anachoweza kukinyanyua. Aliona hapo amemaliza kazi. Ninapofika hapa huwa sijui nimbusu au nimpige na hilo jagi.

Mama si mjinga. Alipoliona jagi alijua. Alijua mkwe wake ameingia, ameona, amesafisha, na amemhurumia, na hakuna kati ya hayo hata moja aliloweza kulibeba. Tangu siku hiyo akawa anajibana. Anasubiri mpaka asikie geti limefungwa na mume wangu ameenda kibandani, ndipo aende. Mgonjwa mzima, tumbo linamsokota, amekaa ukingoni mwa kitanda anasikilizia geti! Na mume wangu naye akaanza kuondoka mapema zaidi, bila chai, ili ampe nafasi. Hivyo ndivyo walivyokuwa wanasaidiana.

Usiku alimsikia kupitia ukutani akijikuna, kwaru kwaru, muda mrefu. Jioni alisikia mkasi ukifumua nyuzi. Mama alikuwa anayaachia magauni yake kiunoni, moja baada ya jingine, maana tumbo lilikuwa linafura upande wa kulia na hata yale marinda yake yalikuwa hayatoshi tena. Mwanamke aliyejua kwa kutazama tu kwamba bibi harusi ameongezeka nusu inchi, alikuwa anajipima mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, na hakumwambia mtu.

"Kwa nini hukumuuliza?" nilimuuliza mume wangu baadaye.

"Ningeanzia wapi? Shikamoo mama, choo chako kimekuwaje?"

Nikazidi kukasirika.

Siku yenyewe alirudi nyumbani mchana kuchukua tupa aliyoisahau. Akapita mlangoni kwa mama, akasikia mlio, si kilio, ni ule mlio wa mtu anayeuma nguo. Akakohoa. "Mama, samahani. Uko salama?"

"Niko salama, baba. Najipumzisha."

Akasimama. Baada ya muda kikaanguka kitu kizito. Akauliza tena. Kimya. Akabisha. Kimya. Mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo uko kwenye tundu. Na yeye ni nani? Ni fundi kufuli, na mfuko wa vifaa uko begani! Kufuli lile angelifungua huku anapiga chafya. Lakini ana sharti lake la kazi, na analishika kama dini: hafungui mlango mpaka mwenye mlango aseme fungua. Ameshawakatalia watu wenye suti na magari kwa sharti hilo. Basi akasimama pale kwenye korido akimsubiri mtu aliyezimia ampe ruhusa. "Mama, nifungue?" Anasubiri. "Mama, naomba nifungue." Anasubiri. Aliniambia haya akiwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili.

Mwishowe akafungua. Mama alikuwa sakafuni, mtandio umemtoka, gauni limelowa. Mume wangu akafumba macho, nawaambia ukweli, akavuta shuka kitandani kwa kupapasa, akamfunika, ndipo akayafumbua. Akambeba mpaka barabarani, akasimamisha teksi. Mama alizindukia njiani, akajikuta kichwa chake kiko mapajani mwa mkwe wake, akashika kitasa cha mlango ateremke, na gari liko mwendoni. Dereva akapiga kelele, "Bibi, unataka kuniletea kesi?"

Hospitalini waliwekwa kwenye chumba kidogo cha dharura, pazia la kijani, taa hafifu ya njano ambayo chini yake kila mtu anaonekana mgonjwa. Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole aliyechoka. Mume wangu akasimama nje ya pazia, viatu vyake vinaonekana chini. Na mama, aliyelala pale ndani, alikuwa anavitazama hivyo viatu.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa tumbo, mwanangu, lakini sasa nafuu. Leo liliuma sana, halafu likaachia ghafla. Nimepona tu."

"Choo?"

"Kizuri."

"Mkojo?"

"Wa kawaida."

"Umewahi kuwa na macho ya manjano?"

"Sijawahi."

Daktari akamgusa tumbo juu ya lile gauni pana, polepole, na mama akajikaza kisabuni, hata uso hakukunja. Alipomwomba alifungue gauni, alisema anasikia baridi. Kijana wa watu akaona bibi mchovu, mwenye vidonda vya tumbo huenda, ambaye hajala vizuri. Akaagiza dripu na dawa za kupunguza asidi, akasema dripu ikiisha anaweza kwenda nyumbani. Mama akamshukuru sana. Alishukuru kama mtu aliyeachiwa huru na mahakama.

Mume wangu akatumwa dirisha la dawa. Akapanga foleni. Na huko kwenye foleni, anasema, miguu ilikataa. Watu wa nyuma wakamsukuma, songa mzee, songa. Alikuwa anajua kwamba yote aliyosema mama ni uongo, na kwamba daktari amepima kwa huo uongo. Alijua pia kwamba akirudi pale kusema alichokiona, hatasamehewa. Siyo kwa ukoo wetu. Kusema choo cha mama mkwe mbele ya wanaume, naye yupo anasikia! Anasema alijiona kama anakwenda kumvua nguo sokoni.

Akatoka kwenye foleni. Akarudi kwenye pazia.

"Daktari, samahani. Choo chake si kizuri."

Mama akasema, "Baba!" Neno moja tu hilo.

Hakunyamaza. Akasema huku anatazama sakafu, jasho linamtoka. Cheupe, kama majivu. Mkojo kama chai ya rangi. Nimekiona kwa macho yangu. Usiku anajikuna. Magauni ameyaachia, tumbo limefura. Nyumbani amezimia, mimi nimefungua mlango. Yote hayo kwa pumzi moja. Na mama alivuta shuka akafunika uso, akabaki hivyo.

Yule kijana uchovu ukamtoka. Aliwaita manesi, wakasukuma kitanda mpaka kwenye dirisha kubwa la ukumbini, penye mwanga wa jua. Akaomba ruhusa, akashusha kope la mama kwa kidole. Weupe wa jicho ulikuwa wa manjano kama ndimu iliyoiva. Hapo hapo akatuma mtu akamwite daktari wa upasuaji.

Alikuja mwanamke mnene, mfupi, mwenye viatu vya mpira na sauti ya kutosha. Alitoa wanaume wote nje, akafunga pazia mwenyewe. Gauni likafunguliwa. Nesi aliniambia baadaye kwamba tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Picha ya ultrasound ilionyesha maji yametapakaa tumbo zima, na kitu kama kifuko chini ya ini. Maji gani? Daktari akachoma sindano ndefu pembeni, akavuta. Kikatoka kitu cha kijani chenye umanjano, kizito kidogo. Akalinyanyua bomba la sindano kwenye mwanga, akasema, "Nyongo. Na huku siko kwake."

Akatoka kwenye korido kumweleza mume wangu. Nyongo inatengenezwa kwenye ini, inapita mrija mwembamba kwenda kwenye utumbo, na ndiyo inayokipa choo rangi yake. Mrija wa mama una sehemu iliyotanuka ikawa kama kifuko, na inaelekea alizaliwa nacho. Kilikuwa kinaziba na kuzibuka, kinaziba na kuzibuka, nyongo ikikosa njia inarudi kwenye damu, macho yanageuka, ngozi inawasha, mkojo unakuwa mweusi. Siku hiyo kilipasuka. "Ndiyo maana maumivu yaliachia," akasema. "Si nafuu hiyo. Angekwenda nyumbani, kesho kutwa mngemzika."

"Kwa mtu mzima huwa hatuutarajii ugonjwa huu," akaendelea. "Wengi wanagundulika utotoni. Ingekuwa si wewe kusema ile rangi, tungehangaika na vidonda vya tumbo." Halafu akauliza, "Wewe ni mwanawe?"

"Mkwe."

Yule daktari akamtazama vizuri, kisha akampa kalamu atie sahihi, maana mama alikuwa ameshapandwa na homa na maneno yake hayakuwa yanaeleweka.

Walimpasua jioni ile ile. Walimsafisha tumbo kwa maji mengi, wakalikuta tundu nyuma ya ule mrija. Kukata kifuko siku hiyo hakukuwezekana, nyama zilikuwa zimevimba na kuchomwa na nyongo, na mama mwenyewe alikuwa taabani. Waliweka bomba la mpira kwenye mrija, wakalitoa nje ubavuni, nyongo iwe inadondokea kwenye mfuko. Kazi kamili, wakasema, itafanyika baadaye akipata nguvu.

Mimi niliitwa na msimamizi wa mitihani siku iliyofuata. Nilifika nikiwa nimevaa viatu vya pea mbili tofauti. Mume wangu alikuwa kwenye benchi la korido, ndevu zimemwota. Akanieleza, na aliposema "nilikiona" sikusikia kingine.

"Uliona lini?"

"Wiki ile uliyoondoka."

"Ukanyamaza?"

Nilipiga kelele. Watu waliokuja kuona wagonjwa wao wakasimama na mabakuli yao ya uji kunitazama. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilimwambia kwamba ameuza roho ya mama yangu kwa jagi la plastiki. Yeye aliinamisha kichwa tu. Nesi mkuu akatoka, akaniambia, "Mwalimu, huyu ndiye aliyemwokoa. Punguza sauti." Uso ulinishuka, lakini hasira bado ilikuwa inatafuta pa kukaa.

Nikaingia wodini. Mama alifungua macho, na neno lake la kwanza halikuwa langu. "Mwambie mumeo asiingie humu. Amenivua nguo."

Akaruhusiwa kurudi nyumbani na ule mfuko wake ubavuni. Siku ya kwanza tu aliomba cherehani, akashona kifuko cha kitambaa cheusi kizito, chenye kamba ya kufungia kiunoni, akautia ule mfuko wa nyongo ndani. Kifuko kizuri, upindo umenyooka. Lakini mume wangu hakuruhusiwa hata kupita kwenye korido. Alihamia kibandani. Anakula huko, anarudi giza likishaingia, anaingia kwa mlango wa nyuma na viatu mkononi kama mwizi. Mimi ndiye niliyekuwa namwaga nyongo asubuhi kabla ya kwenda shule na jioni nikirudi.

Siku moja nikachelewa. Mfuko ukajaa, kiungo kikaachia, nyongo ikamlowanisha. Mume wangu alikuwa uani anarekebisha bawaba ya geti. Dirisha liko wazi. Mama angesema neno moja tu. Nilimkuta saa za jioni amekaa kwenye kiti vilevile, gauni limemgandia, ngozi ya ubavu imechubuka kwa nyongo, amebana midomo.

"Mama, si ungemwita!"

"Ameshaona ya kutosha."

Tuliporudi kliniki, yule daktari wa viatu vya mpira akasema wakati wa upasuaji wa pili umefika. Kile kifuko kikiachwa kitaziba tena, na vifuko vya namna hiyo vikikaa miaka mingi vinaweza kugeuka saratani. Watakikata, wataunganisha mrija na utumbo, na bomba litatolewa. Mama alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akasema hapana.

"Hapana kwa nini?"

"Nimeonwa inatosha, daktari. Nitakufa nimevaa nguo zangu."

Nilimbembeleza, nikalia, nikagomba. Nilimwambia aibu yake haina maana, mwili ni mwili, yeye aliyeshika viuno vya watu miaka yote anaona aibu ya nini? Akaniangalia tu. Nikasema ana kiburi. Akavuta mtandio, akageukia ukutani. Mimi nikijua nimesema kweli, nikatoka nikabamiza mlango.

Haikuchukua muda homa ikarudi, akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Tukamrudisha wodini. Asubuhi daktari akapita na wanafunzi wake, kundi zima la makoti meupe, wakakizunguka kitanda. Mama akavuta shuka, akajifunika gubigubi. Mume wangu alikuwa amebaki mlangoni mwa wodi, mahali pake.

"Tunataka kujua historia yake vizuri kabla hatujaamua," daktari akasema. "Nani anamfahamu?"

"Mimi," nikasema, nikasogea mbele. "Mimi ni binti yake. Wa pekee."

"Vizuri. Maumivu haya yalianza akiwa na umri gani?"

Nikafikiri. "Nadhani… mwaka huu."

"Kabla ya hapo? Ujauzito wako aliubebaje? Aliwahi kupata manjano? Kuna vyakula alikuwa anaviacha?"

Wanafunzi walikuwa wameshika kalamu. Nikasema alikuwa anachoka. Mwanafunzi mmoja akaandika neno hilo, kisha akabaki anasubiri la pili.

Chini ya shuka ikatoka sauti.

"Huyo hajui kitu. Mwiteni mkwe wangu."

Nadhani hata daktari alidhani hakusikia vizuri. Mama akarudia, kwa hasira kidogo. Mume wangu akaitwa, akaja akiwa ameshika kofia, akasimama upande wa kichwani akitazama sakafu.

"Baba, upo?"

"Nipo, mama."

"Mimi siwezi kusema nao. Waambie wewe."

Na akaanza. Alisema kutoka chini ya shuka, taratibu, akimwambia yeye, na yeye akawageukia madaktari akawarudishia neno kwa neno, ijapokuwa wote walikuwa wanasikia vizuri kabisa, na hakuna aliyecheka. Maumivu yalianza akiwa msichana, hajavunja ungo. Yakija anajifungia, yakiisha anatoka. Mafuta aliyaacha zamani. Ujauzito wangu aliubeba akiwa na macho ya manjano, akawa anafunga mtandio chini karibu na nyusi na kusema mwanga unamuumiza. Mimba mbili kabla yangu zilitoka, na alikuwa na homa hii hii. Siku ya harusi yake mwenyewe alikaa meza kuu amebana ubavu kwa kiwiko, na watu wakasifu kwamba bibi harusi ana haya.

"Mumewe alijua?" daktari akauliza.

Mume wangu akainama. "Mama, wanauliza kama baba alijua."

"Hakujua. Nani angemwambia?"

Kisha akasema, "Basi, ndiyo hayo. Waambie wapasue."

Walimpasua kesho yake. Upasuaji ulikuwa mrefu, kifuko kikatolewa, mrija ukaunganishwa na utumbo, na baada ya siku kadhaa mama alikuwa anawasema manesi kwa jinsi sare zao zilivyoshonwa. Nilikuwa nakwenda kila nilipotoka shule. Nilijifunza kuuliza, na yeye alijifunza kunijibu kwamba amechoka.

Jumamosi moja, akiwa amesharudi nyumbani, nilikuwa naanika nguo uani, chini ya dirisha la chumba chake. Nikasikia mume wangu anakohoa kwenye korido, na mama akamkaribisha.

"Baba, choo kimerudi rangi yake. Nilisema nikuambie."

"Tumshukuru Mungu, mama. Nimwambie mwalimu?"

"Ukipata nafasi," mama akasema.

Nilisimama pale na shuka lililolowa mikononi. Nikasogea taratibu mpaka kwenye kona ya nyumba, wasije wakajua kwamba nimesikia.